Profaili ya LinkedIn kwa sisi watu wa Mombasa: andika kazi, wacha sifa

Mwaka jana ofisini kwetu tulikuwa twatafuta deklaranti, yaani mtu wa kutayarisha karatasi za kastamu, zile twaziita entri. Ofisi yetu ni ya kliaringi, kuwatolea watu mizigo bandarini, iko hapa town, sio kubwa, na bosi hakutaka kutoa tangazo mana kila akitoa zaja sivii chungu nzima na nusu yake ni za watu ambao hata entri ya kastamu hawajawahi kuiona. Akaniambia ingia LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na waajiri, utafute mtu mwenyewe. Nkaingia, nkaandika kazi yenyewe, nkaweka Mombasa, nkaanza kusoma profaili moja moja, siku mbili nzima. Na kitu kilichoniuma ni hiki: mtoto wa ami yangu, ambaye najua kwa yakini amefanya entri miaka tisa, hakutokea popote. Nlipomtafuta kwa jina ndo nkampata. Chini ya jina kumeandikwa "mchapakazi mwenye malengo, ninaweza kufanya kazi kwenye presha". Basi. Hakuna neno deklaranti, hakuna kastamu, hakuna bandari, hata mahali ameweka Kenya tu. Miaka tisa yuaingia na kutoka Kilindini na mtandao haujui kazi yake ni gani.

Tangu hapo nimekaa na watu wengi kidogo tukitengeneza profaili zao, ndugu, majirani wa Tudor, vijana wa chuo kikuu cha TUM, shoga zangu wa mahoteli ya Nyali na Bamburi, na makosa ni yaleyale. Nitaeleza tulivyofanya. Mifano naiandika kwa Kiswahili ili twelewane, lakini profaili yako iandike kwa lugha ambayo mwajiri wako hutumia akitafuta mtu, na hapa kwetu kampuni nyingi za shipingi na mahoteli hutafuta kwa Kiingereza.

Kwanza elewa utatafutwa vipi

LinkedIn ilifunguliwa 2003, na 2016 Microsoft wakainunua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Sehemu kubwa ya pesa zake hutoka kwa waajiri, wao hulipia vyombo vya kutafuta watu. Kwahivyo upande wa pili wa ile simu yako kuna mtu kama mimi siku ile, ana kisanduku cha kutafutia, na anaandika maneno matatu manne: jina la kazi, mahali, pengine jina la programu au cheti. Hakuna mtu anayeandika "mchapakazi" pale. Mwajiri anayetafuta mtu wa hausikipingi ataandika hausikipingi, anayetafuta mtu wa transit, mizigo ya kupita kwenda nchi nyengine, ataandika transit. Kama lile neno haliko kwenye profaili yako basi wewe kwake hauko, hata kama ofisi zenu zatazamana.

Kwahivyo kabla hujagusa kitu chukua karatasi, andika maneno ambayo nyinyi wenyewe huyatumia kazini. Majina ya mifumo, ya vyeti, ya aina za mzigo au aina za wageni. Mtoto wa ami alipokaa akaandika zake alijaza ukurasa: iCMS (mfumo wa kastamu), KenTrade (mfumo wa vibali vya mizigo), manifesti, HS kodi (namba za aina ya bidhaa), bondi ya transit, CFS (yadi za makontena nje ya bandari), magari yaliyotumika, mizigo ya Uganda na Rwanda. Yote hayo alikuwa nayo kichwani na hakuna hata moja lililokuwa kwenye profaili.

Mambo madogo ya kufanya mwanzo

Usifungue akaunti kwa imeli ya kampuni. Ukitoka pale imeli yafungwa, na ukisahau paswadi waweza kufungiwa nje ya akaunti yako. Tumia yako mwenyewe, na uwashe ule ulinzi wa hatua mbili. Wengi wetu hufanya mabadiliko saiba, kwenye kompyuta kubwa, na ni vizuri mana kwenye simu sehemu zingine zajificha, lakini ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Alafu nenda kwenye setingi uzime ile ya kuwajulisha watu kila unapobadilisha profaili. Kama bado uko kazini na bosi wako ni rafiki yako kule, hutaki aone mara tano kwa siku moja kuwa umegusa hiki umegusa kile.

Mahali weka Mombasa, sio Kenya peke yake. Jina weka lile la kwenye vyeti vyako, sio lile la mtaani hata kama mtaa mzima wakuita hilo. Na ile anwani ya profaili inayokuja na tarakimu nyingi mwisho waweza kuibadilisha ikawa jina lako tu, ni dakika moja, alafu unaiweka kwenye sivii.

Picha. Hapa nitasema kwa uwazi, ile picha ya harusini uliyokata na mkono wa mtu umebaki begani haifai. Huhitaji studio. Simama barazani asubuhi jua likiwa bado pole, ukuta mtupu nyuma yako, mtu akupige kuanzia kifuani kwenda juu, nguo unayovaa ukienda kazini. Buibui, hijabu, kofia, kanzu, haina shida yoyote. Na kwa dada zangu wasiotaka picha yao ionekane na kila mtu, kuna setingi ya picha yenyewe, waweza kuweka ionekane na wale mliounganishwa nao tu. Nimewaonyesha wengi hio na walikuwa wameacha kuweka picha kabisa kwa kutojua.

Ule mstari chini ya jina

Huu ndo mstari wenye kazi kuliko yote, mana huja pamoja na jina lako kila mahali, kwenye matokeo ya kutafuta, kwenye komenti, kwenye ombi la kuunganishwa. Usipouandika wewe, LinkedIn hujaza yenyewe cheo chako na kampuni. Wana nafasi ya herufi 220, na watu wengi hutumia thelathini.

Wa mtoto wa ami tuliufanya hivi: "Deklaranti wa kastamu, Mombasa | iCMS na KenTrade | Transit ya Uganda na Rwanda, magari, mizigo ya CFS | Miaka 9". Ukiusoma wajua huyu ni nani, yuko wapi, anafanya nini na mzigo gani. Alinibishia kidogo, akaniambia huu haupendezi, nkamwambia soma tena ukijifanya wewe ndo una kontena lililokwama. Akanyamaza.

Kama huna kazi saa hii usiandike "natafuta kazi" ukaishia hapo, mana hujasema kazi gani. Andika kazi unayoijua, alafu hilo la kutafuta lionekane kwenye alama ya "Open to work" nitakayoieleza chini.

Sehemu ya "About"

Hapa ndo unapojieleza. Wakupa herufi 2,600 lakini msomaji haoni zote, aona mistari ya mwanzo tu mpaka abonyeze kuendelea. Kwahivyo usianze na utotoni wala na "tangu nikiwa mdogo nlipenda". Anza na kazi. Ya jamaa yetu ilianza hivi: "Natoa mizigo bandari ya Mombasa. Nilianza enzi za mfumo wa Simba nikahamia iCMS, na kwa wiki natayarisha entri 15 mpaka 20, nyingi za transit. Nimezoea kesi za mzigo uliokwama kwa sababu ya HS kodi au thamani kubishaniwa." Alafu aya ya pili akaeleza kesi moja bila kutaja mteja, aya ya tatu anachotafuta sasa. Mwisho imeli. Aya tatu zatosha, na ziandike kama unavyomweleza mtu mliyekaa naye kwenye feri ya Likoni na mna muda wa kuvuka tu.

Na andika "mimi". Kuna wanaojiandika kama wanamsifu mtu mwengine, "yeye ni mtaalamu mwenye uzoefu mkubwa", na msomaji ajua fika ni wewe mwenyewe umekaa ukayaandika.

Uzoefu wa kazi, hapa kaa muda mrefu

Watu huweka cheo, jina la kampuni, tarehe, wakaenda zao. Au wanakopi yale majukumu kutoka kwenye barua ya ajira, "kushughulikia nyaraka za wateja, kufanya kazi nyingine kama utakavyoagizwa". Hio ni kazi ya kila mtu, haikutofautishi na yeyote.

Jiulize maswali matatu kwa kila kazi uliyofanya. Kiasi gani? Kwa kutumia nini? Na kulibadilika nini kwa sababu ulikuwepo? Shoga yangu mmoja wa hausikipingi aliniambia yeye hana cha kuandika, kazi yake ni kutandika vitanda. Nkamuuliza vyumba vingapi kwa shifti, akasema 14. Hoteli ina vyumba vingapi, 120. Uliwahi kufundisha mtu? Akasema kila msimu unapoanza alikuwa anapewa wasichana wapya wanne watano. Mnatumia nini kujua chumba kipo tayari? Opera. Mgeni akilalamika? Mimi ndo naitwa kama ni Mjerumani kwa sababu nasema Kijerumani kidogo. Jamani, huyu ni mtu hana cha kuandika? Tuliandika mistari minne na yote ni ukweli mtupu: vyumba 14 kwa shifti katika hoteli ya vyumba 120, kufundisha wafanyakazi wapya kila msimu, mfumo wa Opera, malalamiko ya wageni wa Kijerumani. Hicho Kijerumani alikuwa hajakiandika popote.

Na hapo niseme la lugha. Kuna sehemu yake maalum ambapo unaweka lugha na kiwango unachoijua. Watu wa Pwani twaidharau sana. Kiswahili chako cha kuzaliwa ni ujuzi, kiweke kwa kiwango cha juu kabisa. Kiarabu ulichosoma madrasa ukaweza kukiongea, kiweke kwa kiwango chake cha kweli. Kiitaliano cha wenzetu waliofanya kazi Malindi na Watamu, kiweke. Kuna kampuni za watalii, za tafsiri na mashirika ambayo hutafuta kwa lugha, na hawatakisia.

Wenzangu wa mahoteli pia mna hili la kandarasi za msimu, miezi mitano mapumziko, miezi sita mapumziko, na mvua za masika zikiingia mahoteli hupunguza watu. Ukiziandika moja moja profaili yaonekana kama mtu asiyekaa kazini. Kama ni hoteli hiohio, ziweke chini ya mwajiri mmoja, alafu kwenye maelezo sema wazi kuwa ni kandarasi za msimu na uliitwa tena mara ngapi. Kuitwa tena mara nne ni sifa kubwa kuliko neno lolote la kujisifu. Na mama aliyekaa nyumbani kulea au kuuguza mzazi, tangu 2022 LinkedIn imeweka sehemu ya mapumziko ya kazi, unachagua sababu na kama hutaki kueleza zaidi hulazimiki.

Vijana mnaomaliza chuo, atachmenti ni kazi. Iandike kama kazi, mlifanya nini na kwa muda gani. Na lile duka la mzee Kongowea ulilokuwa ukikaa kila likizo nalo liandike. Kijana mmoja alikuwa amehamisha hesabu za stoki za babake kutoka daftari mpaka kwenye kompyuta, vitu zaidi ya mia mbili, na alikuwa anaona aibu kulitaja kwa sababu ni duka la nyumbani. Nlimwambia hilo ndo jambo la kwanza nitakalomuuliza mimi kama ningekuwa namwajiri.

Lakini msipake chumvi. Usiweke cheti ambacho hujamaliza. Wale wa kliaringi twajua ile kozi ya Afrika Mashariki ya kastamu na ufowadi, mtu akiandika anayo na hana, swali moja tu kwenye intavyuu lamtoa. Kama bado wasoma andika wasoma. Na msiweke picha za karatasi za wateja, B/L (hati ya shehena ya meli), ankara, namba za entri, eti kuonyesha kazi. Ni siri ya mteja, na Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Eleza kazi, karatasi ibaki ofisini.

Ujuzi nitapita haraka. Waruhusiwa kuweka mwingi sana, lakini weka ule ambao uko tayari kuulizwa, na ule mkuu uuweke juu. Kama "kutumia intaneti" uko pale, utoe.

Watu na kelele

Profaili nzuri isiyo na watu ni kama duka kwenye kichochoro. Anza na wale unaowajua, mliosoma pamoja, mliofanya kazi pamoja, madereva wa transit, mawakala, hata yule mhasibu aliyehama. Mtandao huwapanga watu kwa daraja, wale wako ni wa kwanza, marafiki zao wa pili, na ukiwa na watu wa kweli wa kazi yako ndo unatokea karibu zaidi mwenzao akitafuta. Ukimwomba mtu usiyemjua, andika ujumbe mfupi, wewe ni nani na kwa nini yeye. Akaunti ya bure ina kikomo cha hayo maombi yenye ujumbe kila mwezi kwahivyo usiyatumie ovyo. Na usimwandikie mtu "nisaidie kazi yoyote". Hawezi kukusaidia kwa "yoyote" hata akitaka.

Huhitaji kuposti kila siku. Mara moja kwa wiki mbili andika jambo moja ulilojifunza kazini, mfano makosa ambayo huchelewesha gari bandarini, au unavyopanga vyumba siku ya wageni wengi kutoka na kuingia. Hizo ndo huwafanya watu wa kazi yako wakukumbuke.

Ile alama ya "Open to work" ina njia mbili. Moja ni fremu ya kijani kwenye picha ambayo kila mtu ataiona. Ya pili yaonekana na wale waajiri wanaolipia kutafuta watu tu. Kama bado una kazi chagua ya pili, na ujue LinkedIn wenyewe husema watajaribu kuficha kwa kampuni yako lakini hawatoi hakikisho.

Na sasa wezi. Profaili ikianza kuonekana, watakuja. Jirani yetu alipata ujumbe mzuri sana wa kazi ya meli ya kitalii, picha za meli, barua yenye muhuri, akaombwa elfu thelathini za "usajili", akatuma, na ile akaunti ikapotea. Kwa kazi za baharini shika hili: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Vya kulipia wewe ni kama cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Wakala muulizie Kenya Maritime Authority, makao yao makuu yako hapahapa Mombasa. Kwa kazi za Ghuba angalia kama wakala amesajiliwa na NEA, ile mamlaka ya kitaifa ya ajira. Na mtu akikuvuta haraka kutoka LinkedIn mpaka WhatsApp na pesa ikatajwa kabla ya intavyuu, mwache hapohapo.

Maneno ya watu wengine

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndo lililochukua muda na ndo lililofanya kazi. Kuna sehemu ya mtu aliyefanya kazi na wewe kuandika habari zako kwa jina lake. Lazima muwe mmeunganishwa kwanza, alafu wewe ndo unamwomba. Usiombe kwa ujumla, mkumbushe jambo moja: "tafadhali kaka, andika kuhusu ile wiki ya stoki" au "ile shehena ya Kampala". Ukimwachia wazi ataandika wewe ni mtu mzuri, na hio haimsaidii mtu.

Mtoto wa ami alitaka maneno ya supavaiza wake wa kwanza, na yule mzee ashastaafu, yuko Mji wa Kale, hana hata akaunti. Wengi wangeacha. Sisi tulimwendea Ijumaa baada ya swala tukamkuta barazani kwake, tukamwamkia, tukamweleza. Akasema mambo ya mtandao siyajui lakini huyu namjua. Tukamfungulia akaunti kwa imeli ya mwanawe, tukaweka miaka yake ya kazi na picha tuliyompiga palepale, alafu akaichukua simu akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na hakutaka asaidiwe. Karibu nusu saa. Aliandika kuwa kuna kontena la dawa za hospitali lilikwama Ijumaa jioni na kila mtu alikuwa ashafunga, na huyu kijana alibaki mpaka saa tano usiku akafuatilia karatasi moja baada ya nyengine mpaka likatoka, na Jumatatu alikuja kazini saa mbili kama kawaida na hakumwambia mtu.

Mimi mwenyewe nlikuwa sijui hio habari. Hajawahi kuitaja nyumbani.

Nafasi ya ofisini kwetu ilikuwa ishajazwa zamani. Lakini mwezi wa pili baada ya hapo akaitwa intavyuu na kampuni moja ya kule Changamwe, akavaa shati lilelile la kwenye picha, akakaa, na kabla hajaulizwa hata jina yule mama wa upande wa pili akageuza skrini ya laptopu akamwambia, hebu tueleze hili kontena la dawa.